Kofia ya Jenerali na Kiti cha Afisa

Voi, Jumapili ya mwisho ya Agosti

Kwako Mkawasi, mwanangu,

Umeenda kusukwa kwa Mama Samba, na Mama Samba hajawahi kumaliza kichwa cha mtu kabla hajamaliza habari za mtaa mzima. Kwa hivyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kuchungulia begani mwangu. Sitakuandikia juu ya kufunga mlango, wala kuchemsha maji, wala wavulana. Hayo nimeyasema tangu ulipopata barua ya chuo, mpaka nadhani hata paka anaweza kwenda Nairobi akaishi vizuri. Nataka kukuandikia juu ya vitabu.

Usicheke kwanza. Najua niliishia darasa la nane, na wewe ndiye unayekwenda kusomea historia. Lakini fungua begi lako. Utakuta viatu vyekundu vimetoka na vitabu viwili vinene vimerudi ndani. Ni mimi. Uliviacha mezani vile viwili vya wazungu, ukapakia kile chembamba cha Mwalimu wetu mstaafu peke yake, umekizungushia leso ya baba yako. Nilikuona, na najua unakipendea nini. Kwenye ukurasa wa shukrani kuna jina la baba yako: Bwana Mwakio wa Voi, mwongozaji wa wageni. Tangu tumzike, miaka miwili sasa, hakuna mahali pengine jina lake limekaa vizuri hivyo.

Lakini wiki ijayo utakuwa darasani, na kwa jinsi ninavyokujua, hutamaliza siku tatu kabla hujainua mkono. Utasema kwamba babu yake baba yako, Mzee Mghanga wa Mghange, alijificha nyuma ya jiwe kule Salaita, akapiga risasi moja, kofia ya jenerali wa Kijerumani ikaruka, na Wajerumani wakateremka kilima wakaenda zao. Utasema kama ulivyosema Jumapili iliyopita mbele ya wageni, ukisoma kijitabu hicho kwa sauti ya redio, mpaka baba yako mdogo Mwadime akatoka nje ameshika mdomo. Ukaniuliza, “Mama, mbona ametoka?” Nikasema ni moshi.

Mwanangu, tunapikia gesi.

Hujamsalimia tangu siku hiyo. Nikikuacha uende hivyo, utakwenda na kinyongo juu ya ami yako na kofia isiyokuwepo kichwani mwako, na siku moja mtu asiyekupenda ndiye atakayekwambia. Afadhali mimi.

Nianze na baba yako. Unamkumbuka akiwa mzee wa tai na fimbo ya kuonyeshea, lakini nilipoolewa alikuwa dereva tu wa gari la wageni. Wageni wenyewe walikuwa wa aina mbili: wanaotaka ndovu, na wanaotaka vita. Wa ndovu walilala mapema. Wa vita walitaka kupelekwa Maktau, Mbuyuni, mpaka Salaita, wakaone mahali Mwingereza na Mjerumani walipopigana zamani zile za vita kuu ya kwanza, wakigombea reli, maji, na nyika ambayo wewe ukipelekwa kuchunga mbuzi ulikuwa unalia. Siku moja mgeni akamwachia kitabu. Ndicho hicho chenye jalada la kijani. Kilimchukua mvua mbili kukisoma, na kamusi pembeni, na tiketi ya basi katikati kama alama. Alipokimaliza alivaa tai, akasema kuanzia leo yeye si dereva, ni mwongozaji.

Kitabu kile kiliandikwa na afisa wa Kiingereza. Utakisoma mwenyewe. Humo Mwingereza hashindwi na Mjerumani hata mara moja. Anashindwa na jua, na kiu, na miiba, na homa. Ukikisoma utafikiri mbu wote wa Taveta walikuwa wameandikishwa na kupewa sare.

Baada ya mwaka mmoja hivi akaja mgeni wa Kijerumani, akasikiliza maelezo ya baba yako mpaka mwisho, akainamisha kichwa kwa adabu. Mwezi uliofuata akatuma kitabu kingine kwa posta, kile cha jalada jeusi. Huyu naye mambo yake ni mengine. Kila akirudi nyuma ni akili. Anatoka Taveta kwa akili, anateremka mlimani kwa akili, anarudi nyuma kwa ustadi mkubwa mpaka unajiuliza kwa nini hakuanzia huko huko nyuma akapumzika.

Baba yako alikuwa mtu wa amani. Alichofanya ni kuwapa Waingereza kitabu cha kijani na Wajerumani kitabu cheusi. Kila mgeni aliteremka Salaita akiwa ameshinda. Walimshika mkono, walimpigia picha. Nilimwambia, “Baba Mkawasi, hii vita moja wanaishinda watu wangapi?” Akanijibu, “Mama Mkawasi, mgeni hatoki Ulaya kuja kushindwa tena.”

Nami usinione nilikuwa hakimu. Wageni hao walipitia hapa nyumbani kunywa chai, na mimi ni mtu wa Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Unajua watu wetu wa Kasigau walivyoshukiwa kwamba wamemwonyesha Mjerumani njia, wakakusanywa na Mwingereza wakahamishwa kupelekwa pwani, na wengine wengi hawakurudi kuuona mlima wao. Bibi yangu alituimbia hayo badala ya kutulaza. Basi mimi nililipa kisasi kwa njia niliyokuwa nayo. Kila wazungu wa Kiingereza walipokuja, niliwapikia mahamri madogo. Madogo kweli, kama vifungo vya koti. Miaka na miaka niliwaadhibu hivyo na moyo wangu ukatulia. Halafu siku moja mama mmoja mzee, mpole, ambaye alikuwa amekuja kila mwaka na kila mwaka akapata kifungo chake, akaniambia yeye si Mwingereza. Ni mtu wa Ayalandi. Akakaa jikoni pangu akanieleza mambo ambayo Waingereza waliwafanyia watu wake mpaka nikamletea sahani nzima ya maandazi makubwa na bado nikaona haya. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kuwa na haki ya kukasirika na bado akampiga asiyehusika.

Tena niliwahi kumnunulia baba yako kitabu mwenyewe. Nilikuwa Mombasa, nikaona kitabu kinene cha vita, kina mzinga kwenye jalada, nikasema huyu aliyesema mengi hivi hawezi kukosa kusema na ukweli. Nilichagua kwa uzito, kama ninavyochagua papai. Kumbe ni vita vya Urusi, vya theluji. Baba yako hakuniambia. Alikisoma chote kwa heshima yangu, na mwaka ule alikuwa akisimama katika jua la Salaita, jasho linamtoka, akiwahurumia askari kwa baridi.

Sasa nifike kwenye kofia.

Kampuni moja ya magari ilikosea ikachanganya wageni. Asubuhi baba yako akafungua mlango wa gari, akakuta upande huu bwana mmoja wa Kijerumani ana kitabu cheusi magotini, na upande ule bibi mmoja wa Kiingereza ana kitabu cha kijani, vyote vimebandikwa vikaratasi vya rangi kama keki ya harusi. Katikati yao alikaa Mwalimu wetu, mstaafu, aliyekuwa amepewa lifti kwa sababu naye alikuwa anaandika kijitabu chake. Mimi nilikuwa nyuma na birika za chai. Baba yako alinitazama kwenye kioo. Sijawahi kumwona mtu mzima ametamani ndovu namna ile.

Alijitahidi. Wakati wa kupanda kilima, Mwingereza alikuwa anashinda. Tulipofika juu tukanywa chai. Alipoanza kuteremka, Mjerumani akaanza kushinda. Angefaulu, ila yule bibi akasimama, akauliza bunduki kubwa ilikuwa wapi. Baba yako akaonyesha kwa fimbo mahali palipo katikati kabisa, pasipo na maana kwa yeyote. Yule bwana akasema kwa upole kwamba kitabu chake kinasema ni kule. Bibi akasema kwa upole zaidi kwamba chake kinasema ni huku. Upole ukaendelea mpaka shingo zao zikawa nyekundu. Kisha wote wawili wakamgeukia.

“Na nyinyi wenyewe, Bwana Mwakio,” bibi akasema, “kitabu chenu kinasemaje?”

Mkawasi, lile lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa, na hakuwa na kitabu. Nilimwona akipapasa mfukoni kama kwamba kimo humo. Mwalimu alikuwa ameinua kalamu. Ndipo baba yako akasafisha koo, akasema, “Babu yangu alikuwa hapa. Nyuma ya jiwe hili.” Akaligonga jiwe kwa fimbo. Nadhani alitaka kukomea hapo. Lakini wote watatu walimtazama kwa namna ambayo wageni hawakuwa wamemtazama kabla, na ile bunduki ikapatikana, na risasi ikatoka, na kofia ikaruka.

Njiani kurudi, tulipofika Maktau, alipunguza mwendo. Akaniuliza kwenye kioo, “Mama Mkawasi, nimefanya nini?”

Nikamwambia, “Umepiga kofia.”

Alikusudia kumwambia Mwalimu aifute. Alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza hakumkuta, mara ya pili Mwalimu alimkuta yeye, barabarani, ana nakala tano zimefungwa utepe. Baba yako alifungua ukurasa wa shukrani, akaona jina lake, akainua kile kitabu akakinusa. Nilikuwepo. Hakumwambia aifute. Uwongo ukishachapishwa, mwanangu, huvaa suti, na wewe uliyeuzaa unasimama mbele yake kama mgeni anapoingia. Mwaka uliofuata akaja kijana mmoja wa Nairobi hapa mlangoni, ameshika kijitabu, akamhadithia baba yako kwa bidii habari za babu yake mwenyewe, pamoja na rangi ya ile kofia. Baba yako alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Asante, hilo la rangi sikulijua.”

Basi babu alifanya nini? Hili nililisikia kwa mama yake baba yako, aliyempikia yule mzee mpaka akafa. Mzee Mghanga hakuwahi kushika bunduki. Walichukuliwa yeye na ndugu yake Mwamburi kutoka Mghange, wakafanywa wapagazi. Mghanga akapewa kiti. Kiti cha kukunja cha afisa mmoja wa Kiingereza, cha mbao na turubai, na miguu yake ilimtoboa shingo. Alikibeba kutoka Voi kwenda mbele, siku baada ya siku, na alisema yule afisa hakuwahi kukikalia, maana kila kiti kilipofika, yeye alikuwa ameshaondoka. Karibu na Salaita siku moja watu walitawanyika. Mghanga akaokotwa na Wajerumani. Nao hawakumuuliza yeye ni wa nani, walimwekea sanduku la risasi. Baada ya siku nyingi nao wakahama usiku, yeye akajificha, Waingereza wakamkuta, wakampa kiti kingine. Alipoulizwa na wajukuu nani alikuwa mbaya zaidi, alisema, “Kule sanduku, huku kiti. Shingo ni ile ile.”

Mwamburi hakurudi. Hakupigwa risasi, aliharisha njiani, akaachwa kando ya njia na mzigo wake akapewa mwingine. Mghanga alijua jina la aliyepewa ule mzigo. Mahali alipoachwa ndugu yake hakuweza kupaonyesha.

Na tangu arudi nyumbani hakukalia kiti tena. Alikaa chini, au kwenye jiwe, mpaka uzee. Siku ya harusi ya mwanawe, kanisani, vijana wakamletea kiti cha mbele kwa heshima. Mzee akasimama, akakitazama, akakinyanyua akakiweka kichwani, akauliza, “Tunakipeleka wapi?” Kanisa zima lilicheka. Naye akacheka. Hapo ndipo ulipotoka ule msemo wa kwenu, kila mtu akipewa kazi isiyo na kichwa wala miguu anauliza tunakipeleka wapi. Ulikuwa unausema tangu ukiwa mdogo, ukitumwa sukari.

Sasa unaona baba yako mdogo alicheka nini. Hakumcheka babu wala baba yako. Yeye alilelewa kwenye nyumba ya kile kiti, na ghafla anasikia mtoto akisoma juu ya kofia. Na mimi hiyo kofia isingenisumbua, wazee wengi wamepewa mambo makubwa zaidi ya hayo kwenye hotuba za matanga. Kinachonisumbua ni kwamba soma ukurasa ule wote, Mwamburi hayumo. Risasi ililia, kofia ikaruka, na katika ile kelele hakuna aliyeuliza kama kuna mtu mwingine alitoka Mghange siku hiyo.

Kwa hivyo chukua vyote vitatu. Kila kimoja kina jambo ambalo vingine viwili vinaona haya kulisema. Huko chuoni tafuta cha nne, na cha tano. Sijui majina yake, lakini nitakwambia ninavyovijua nikivishika. Kwanza nafungua nyuma, kwenye orodha ya majina ya mahali, natafuta Kasigau. Kama haimo naanza kumtilia shaka mwenyewe. Kisha natafuta maji. Nyika hii hakuna aliyepigana bila mtu kumchotea maji. Mwandishi akisimulia vita nzima ya Salaita na hakuna aliyebeba maji, basi hajafika hapa, hata kama amefika. Tena natazama kama mahali popote amesema “sijui”. Mtu aliyejaza kurasa mia nne juu ya vita vya zamani na hajasema sijui hata mara moja, huyo ni kama baba yako penye lile jiwe. Mpende, lakini usimnukuu.

Na unakumbuka kutasa. Umeiona kwa wazee wa milimani. Mtu mwenye kinyongo haruhusiwi kubariki safari wala kukata shauri mpaka kwanza apige funda la pombe ya miwa, ainyunyize nje kwa mdomo, akitaja waziwazi kilichomkasirisha, na kusema kimetoka. Hakuambiwa asikasirike. Aliambiwa akitaje. Tulipookoka pombe ikaondoka lakini desturi ikabaki. Bibi yako siku ya harusi yangu alitasa kwa soda ya machungwa, na gauni langu halikurudi kuwa jeupe. Vitabu navyo naona hivyo. Mwandishi asiye na upande sijamwona bado. Nimeona yule aliyetaja kinyongo chake mlangoni kabla hajaingia kusimulia. Huyo msome bila hofu.

Usimchukie Mwalimu. Aliandika alichoambiwa, na ameweka Mbuyuni na Maktau mahali pake kuliko wale wawili. Na usimchukie baba yako. Aliulizwa kitabu chetu kinasemaje, akaona haya kusema kwamba babu alibeba kiti. Mimi ningeona haya pia siku ile. Alipokuwa amelala hospitali, siku za mwisho, alinishika mkono akasema, “Mkawasi akienda kusoma, mwambie ile ya kofia. Lakini mwambie akiwa anacheka.” Ndiyo maana nimekuwekea mahamri na theluji kwanza. Kama hukucheka, kosa ni langu, yeye alinituma vizuri.

Kesho baba yako mdogo atateremka mapema kutoka Mghange. Nimemwambia apite dukani anunue soda. Tutatasa hapo uani kabla ya kwenda stesheni, wewe utaje chako na yeye ataje chake, na tafadhali vaa ile blauzi ya zamani, utabadilisha baadaye. Viatu vyekundu nitakutumia kwa basi.

Jambo moja tu la mwisho, maana nasikia sauti yako kwa jirani yetu Mama Nyange hapo nje, umemaliza kusukwa. Ukifika maktaba ya chuo, utavuta kiti. Usikae kwenye ncha kama mgeni. Kikalie vizuri, uegemeze na mgongo. Yule mzee alikibeba mpaka akazeeka akiuliza kinapelekwa wapi, na nimefikiri mchana kutwa, naona kilikuwa kinaletwa kwako. Ukishaketi, kabla hujafungua kitabu, nikumbuke.

Mama yako